Mafuta ya Udi na Vijisanduku vya Kuitia Kanga

Usiniamini. Nakuomba kabisa, kaa hapo ulipo, kunja mikono, useme, "Huyu aliyekimbia chuo kabla ya juzuu ya tatu atatufundisha nini?" Kisha nitafutie mtu mwingine anayekijua kisa hiki kama ninavyokijua mimi. Humpati, labda umfukue kaburini.

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa milimani, zama za waja waliomcha Mwenyezi Mungu, aliishi seremala akiitwa Khuzaima bin Swafwani, Mola amrehemu. Miaka arubaini hakuna aliyemsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni "karibu, chakula kipo" na chungu kitupu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vijisanduku vya kuitia kanga.

Najua hujawahi kukiona. Ni kitu cha urefu wa kiganja, mbao nyembamba kila upande, na juu kifuniko kilichoshikwa kwa msumari mmoja. Ukikivuta kifuniko juu ya ukingo, mti husugua mti, na hutoka sauti ya kanga jike anayewaita wenzake. Basi kanga huja wenyewe, shingo juu, kama walioalikwa karamuni. Wewe umejibanza na upinde wako.

Lakini kitu hicho kina deko kuliko bibi harusi. Kikipata unyevu, kinakoroma. Chaki ikizeeka, kinapiga mluzi. Kwa hiyo kila mvua zilipokatika, wawindaji walimpelekea Khuzaima vijisanduku vyao. Aliikwangua chaki ya zamani kwa jani la msasa, polepole, asije akaula mti wenyewe, akapaka chaki mpya, akakaza msumari kidogo, akasikiliza. Mwisho alipitisha kidole gumba juu ya ukingo wote, kuhakikisha hapana kijiti kilichosimama. Na kila aliyemkabidhi chake alimwambia maneno yale yale: "Mkono wenye mafuta usiguse hapa. Ukila cha samli, nawa kwa majivu kwanza. Mti ukinywa mafuta, unateleza, na ukiteleza hausemi."

Mwaka mmoja nzige walikula mtama wote wa bonde lile. Likabaki tumaini moja: kanga, ambao hukusanyika bondeni siku arubaini, kisha hutawanyika kwenda kutaga. Asiyepata nyama siku hizo, watoto wake wangelala na maji. Wawindaji wakakimbilia kwa Khuzaima. Akavitengeneza vijisanduku vyote thelathini na kimoja, akavirudisha kwa dua.

Siku ya tatu akaingia Dhirari, mwindaji mwenye watoto watano na ulimi usiopumzika.

"Assalamu alaikum, Fundi. Nilikuletea kinachokoroma, umenirudishia bubu."

"Wa alaikumu salaam. Bubu vipi?"

"Sikiliza." Dhirari akavuta kifuniko. Kikapita kimya, kama mtu anayefuta vumbi. "Nimekaa kichakani tangu alfajiri. Kanga wamepita mbele yangu wakinitazama. Mmoja naona alinihurumia."

Khuzaima akakishika, akakisugua kwa msasa, akapaka chaki, akapitisha kidole. Kimya. Akarudia. Kimya zaidi. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamefika wengine tisa, kila mmoja na bubu wake. Alitazama mikono yake, akatazama mti, asielewe kilichoharibika. Mti ni ule ule, chaki ni ile ile. Je, amekosa nini kwa Mola wake?

Akaenda kwa jirani kumwomba radhi kwa mbuzi aliyemfukuza miaka sita iliyopita. Jirani hakumkumbuka mbuzi. Akafunga siku tatu. Akarudi karakanani, vijisanduku vimenyamaza vile vile.

Ndipo mzee mmoja msikitini akasimama, machozi yakimtiririka. "Enyi waja wa Allah, hamuoni? Kijisanduku hiki kinamdanganya ndege kwa sauti isiyo yake. Na mkono wa Khuzaima haujui uongo. Mti umeona haya! Hii ni karama!"

Watu wakapiga takbiri. Khuzaima akajiuliza. Karama? Yeye? Kuwinda ni halali, na mtego ni halali, hilo alilijua tangu utotoni. Basi mti umekuwa mcha Mungu kuliko sharia? Alitaka kuuliza, lakini walikuwa wameshamshika mikono wanaibusu. Wakamsogeza safu ya mbele. Na wawindaji, kwa kuiheshimu karama, wakavitundika vijisanduku vyao ukutani. Wakaacha kwenda bondeni. Siku arubaini zikawa zinahesabika kurudi nyuma.

Sasa, mkewe Lubaba alikuwa na kijisanduku chake mwenyewe, cha kuwaitia kanga wake waliofugwa uani. Hakuwahi kumpa mumewe akitengeneze. Alikuwa akisema, "Cha kwangu nakijua mwenyewe." Asubuhi moja Khuzaima, ametoka kuswali, akasikia sauti safi kutoka uani. Akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Mke wangu! Hicho kinasema?"

"Kwa nini kisiseme? Kina mdomo."

"Na haya kimeziweka wapi?"

"Bwana, kiulize chenyewe."

Akakichukua. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya ukingo kama kawaida yake, akamrudishia. Lubaba akavuta. Kimya. Akavuta tena. Mke na mume wakatazamana. Kisha Lubaba akakiinua puani, akanusa, akamnusa mumewe kidevuni, akarudi akanusa mti.

"Bwana Khuzaima, mti huu unanukia kama ndevu zako."

Mwezi wa Shaabani, msafiri mmoja alikuwa amemzawadia chupa ya mafuta ya udi. Kwa mapenzi ya ibada, Khuzaima alijipaka mikononi na ndevuni kabla ya kila sala, kisha akarudi kazini na mikono ile ile.

"Lakini hayo ni mafuta ya sala," akasema, kama anayejitetea mbele ya kadhi.

"Na mti umeyajuaje kuwa ni ya sala?"

Akaketi chini mavumbini. Miaka arubaini amewakataza watu mafuta ya samli, ya ufuta, ya nyama. Haya ya ibada hayakumpitia akilini kwamba nayo ni mafuta. Akacheka, kisha akaona hakuna cha kuchekesha.

Siku ile ile, baada ya alasiri, akasimama uani mwa msikiti. "Ndugu zangu, hakuna karama. Nilivipaka mafuta kwa kidole changu."

Mzee yule akalia upya. "Tazameni unyenyekevu wake! Anaificha karama yake!"

"Siifichi! Haipo!"

"Hivyo ndivyo wasemavyo wenye nazo!"

Khuzaima akachanganyikiwa kupita alivyochanganyikiwa mwanzo. Akikaa kimya ni walii, akisema kweli ni walii zaidi. Basi akaacha maneno. Akaagiza majivu na maji, akanawa mpaka viwiko mbele yao wote. Akamwomba Dhirari alete chake. Akaukwangua ukingo kwa jani la msasa, ukatoka unga mweusi unaonukia udi, akawapitishia wanuse mmoja mmoja. Akakwangua mpaka unga ukatoka mweupe, akapaka chaki, kidole hakukipitisha. Akavuta kifuniko.

Kikaita. Kutoka ng'ambo ya ukuta, kanga wa Lubaba wakajibu wote kwa pamoja, kelele tupu.

Hakuna aliyepiga takbiri. Mzee akatazama miguu yake. Dhirari akachukua kijisanduku chake akaondoka bila neno, na wengine wakakimbilia kuta zao. Tangu siku hiyo hakuna aliyembusu Khuzaima mkono, na inasemwa kwamba sala zake za safu ya nyuma ndizo alizozipenda zaidi.

Hapa walimu wangu wangesema: mwenye kusema kweli juu ya nafsi yake, Mola humtosheleza. Na mimi ningefunga mdomo, mkaenda nyumbani mmefurahi. Lakini nimeruka kitu.

Nilisema alisimama siku ile ile. Hakusimama. Alikaa siku nane. Siku nane akijua, akiswali safu ya mbele, akinyoosha mkono ukabusiwa, akijiambia anangoja Ijumaa iliyo nzuri. Na katika siku hizo nane, nyumba ya Dhirari ilikula mbegu za mtama walizokuwa wamezificha za kupandia. Hayo ya siku nane Khuzaima aliyasema mwenyewe pale uani, baada ya kijisanduku kuita, mbele ya watoto wale watano. Ndiyo maana Dhirari aliondoka bila neno. Na mvua zilipofika, Khuzaima alibeba pishi ya mbegu zake, akaenda shambani kwa Dhirari, akapanda kwa mikono yake, mstari kwa mstari, Dhirari akimtazama kutoka mlangoni asimwambie karibu.

Mimi niliziruka siku zile nane kwa sababu nilitaka mumpende. Yeye mwenyewe hakuziruka.