Ufunguo wa Tanuri la Gwakisa

Nisikilizeni, na atakayenikatiza ndiye atakayetoa hukumu.

Pale Tukuyu walikuwepo ndugu watatu wa tumbo moja. Gwakisa, kaka mkubwa, alikuwa fundi wa matofali, akajenga tanuri la mikate lililotunza joto kutwa nzima. Subilaga, dada yao, alijua kukanda; ukionja mkate wake hutaki tena wa mtu mwingine. Lugano, kitindamimba, alikuwa na mdomo. Aliingia shuleni na hospitalini mikono mitupu, akatoka na wateja.

Angekosekana mmoja wao, mkate usingekuwepo.

Siku ya kusajili, karani akauliza, "Biashara ya mtu mmoja, ya ubia, au kampuni?"

"Andika jina langu," akasema Gwakisa. "Sisi ndugu, tuandikiane mikataba kama wageni?"

Wakacheka wote watatu. Jamani, walicheka!

Miaka kumi na minne baadaye Gwakisa akaanza kukohoa. Subilaga akakimbilia kwa wakili, akarudi na mkataba wa ubia: sehemu sawa kwa wote, na mmoja akifa, tanuri libaki kwa wabia walio hai. Akasaini. Lugano naye akasaini. Gwakisa akakunja uso.

"Subi, unanizika ningali napumua?"

Subilaga akalia, akaomba radhi, asiutaje tena. Na Lugano je, yule wa kushawishi hospitali nzima? Kimya! Hapo mimi huwa nakasirika kabisa.

Gwakisa akafa. Kwa karatasi, biashara ilikuwa yake peke yake, hivyo ikaingia kwenye mirathi, chini ya mjane wake Atupele, mama wa watoto wanne. Atupele akabadilisha kufuli.

Asubuhi Subilaga akafika na beseni kichwani. "Wifi, nifungulie. Nimekanda nyumbani, unga umeshaumuka."

Atupele akaleta ule mkataba. Mahali pa sahihi ya tatu palikuwa patupu.

"Kaka yako alishashika kalamu, wifi. Mimi ndiye niliyemzuia."

"Wewe? Miaka yote hii nimekanda humu, Atupele!"

"Na mimi nimemuuguza mwenye tanuri. Hebu soma. Wanangu wametajwa wapi?"

Subilaga akasoma, akarudia kusoma. Hawakutajwa popote. Akajitwisha beseni lake, akaondoka.

Sasa tanuri limepoa. Atupele hajui kukanda. Subilaga anakaanga vitumbua kando ya barabara, hana pa kuokea. Lugano amebaki na wateja wanaomuuliza mkate uko wapi. Ukoo umekaa mara mbili na kutawanyika kwa matusi. Ufunguo ni mmoja, na msiniambie wagawane: tanuri likivunjwa vipande vitatu ni kifusi tu.

Haya, wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu mwanzo. Aliyekanda, aliyeuza, au watoto wa aliyejenga: ungemkabidhi nani ufunguo? Na ukishamkabidhi, utawatazamaje wale wengine usoni?