Kiboko Aenda Kuaga

Paukwa!
Pakawa!
Niwape ya hapa au ya ng'ambo?
Ya ng'ambo!
Nani atasinzia?
Wewe!
Haya. Sikilizeni basi.

Palikuwa na Nguchiro, binti mdogo, mwembamba, kichwa chepesi. Alisoma mpaka walimu wakaishiwa. Ndipo korongo, wale ndege wanaokuja kwetu kukimbia baridi ya kwao, wakasema: "Safari hii tunaondoka na mwanafunzi mmoja. Atasoma muhula mmoja kwenye chuo chetu, na tukija tena tutamrudisha. Tunaondoka kesho kutwa alfajiri. Hatungoji mtu." Wakamchagua Nguchiro.

Mama yake akasuka kapu la kubebewa. Akakaanga visheti, akajaza chupa ya achari, akakunja sweta la mtumba.

Kiboko akasikia. Huyu alikuwa mjomba wa kila mtu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba si mjomba wake. Akaja, pu! pu! pu! Akaketi mlangoni, mlango ukapotea.

"Huko chuoni wanakula?"

"Wanakula, mjomba. Asubuhi, mchana na jioni."

"Anapika nani?"

"Wenye chuo. Mwanafunzi anakaa tu mezani."

Kiboko akafumba macho. Akala visheti vyote, fwa! fwa! fwa! Akasema: "Nafasi ni yangu. Nitakwenda mimi. Anayebisha aseme."

Hakuna aliyesema. Korongo wakalitazama kapu, wakamtazama Kiboko, wakatazama mbawa zao. Kiboko akikasirika hukanyaga nyumba.

Nguchiro moyo ulimuuma. Muhula ule aliutaka kuliko kitu chochote, na sasa ulikuwa unaliwa mbele yake pamoja na visheti. Machozi yakamlenga. Akayafuta.

"Hongera, mjomba. Umeshaaga?"

"Kuaga nini?"

"Loo, mjomba! Mtu aende ng'ambo bila kuaga ndugu? Utasemwa. Kunaagwa nyumba kwa nyumba, na kila nyumba lazima ukae ule. Ukikataa sahani ya mtu siku ya kuaga, umemtukana."

"Kila nyumba ina sahani?"

"Kila nyumba, mjomba. Na wewe una ndugu wengi."

Kiboko akainuka. Mlango ukaonekana tena.

Akaenda kwa Kanga, pu! pu! pu! "Hodi! Nimekuja kuaga!"

"Karibu, karibu! Huondoki bila kula."

Akala, fwa! fwa! fwa! Kanga akamwuliza: "Kwa Kima umepita? Usipopita atanuna."

Akaenda kwa Kima, pu! pu! pu! "Hodi! Nimekuja kuaga!"

"Karibu, karibu! Huondoki bila kula."

Akala, fwa! fwa! fwa! Kima akamwuliza: "Kwa shangazi Kobe umepita? Usipopita atanuna."

Kwa Kobe alilala. Kobe hupika taratibu.

Alfajiri ya safari ikafika. Korongo wakatua, kapu likawa jepesi, Nguchiro ndani yake. Yeye hakumuaga mtu, hata bibi yake wa nyumba ya jirani. Hilo lilimuuma, maana bibi ndiye aliyemlea. Lakini angepiga hodi tu, angewekewa wali, na wali wa bibi hauliwi kwa haraka. Puruu! Wakaruka.

Kiboko alizisikia mbawa. "Nini hiyo?"

"Mvua," akasema Kobe. "Ongeza mchuzi."

Akaongeza.

Huko ng'ambo Nguchiro alisoma. Alitetemeka, akavaa sweta lake, akala viazi visivyo na chumvi, akafaulu. Muhula ukaisha, korongo wakamrudisha kwao. Sasa alikuwa akisema "samahani" hata akikanyagwa yeye.

Hajavua sweta, akasikia, pu! pu! pu!

"Hodi! Nimekuja kuaga!"

Nguchiro akafungua. Wakatazamana.

"Wewe, umetoka wapi?"

"Ng'ambo, mjomba."

"Na korongo?"

"Waliondoka, mjomba. Wewe ulikuwa hujamaliza kuaga."

Kiboko akaelewa. Akainua mguu juu ya nyumba, akauinua zaidi, na kivuli cha mguu kikafunika paa lote. Mama Nguchiro akatoka mbio na sinia.

"Karibu, mjomba! Huondoki bila kula."

Mguu ukashuka polepole, ukatua pembeni. Kiboko akakaa. Fwa! fwa! fwa!

"Nitakwenda muhula ujao," akasema mdomo umejaa. "Bado sijapita kwa Nungunungu, na yule ni mwepesi wa kununa."

Ngano yangu imefika kizingitini. Ikiwa tamu, nendeni nayo kwenu; ikiwa chachu, niachieni nitie sukari.

Na funzo lake lishikeni: msafiri mwema huaga watu wote kabla ya kuondoka.

Na Nguchiro je?

Nguchiro hana adabu. Bibi yake hasemi naye mpaka leo. Ndiyo maana alifika.