Ndoto za Kamati ya Chemchemini

Hapo zamani za kale, enzi zile ukungu ukiingia majumbani mwa watu bila hodi, palikuwa na mtaa uitwao Chemchemini. Asubuhi nyumba zote zilielea katika weupe. Huoni ukuta, huoni paa, waona moshi wa chai tu. Mtaa mtamu huo, wanangu! Ila kamati yake, mh!

Kamati ilikuwa ya watatu: Mzee Kiboko mwenyekiti, Bwana Nyati katibu, na Bwana Fisi, ambaye kazi yake hakuna aliyeijua. Desturi ilikuwa kwamba kamati haijadili, inaota. Kila Ijumaa baada ya chakula hujifungia kibandani, hulala, na walichoota ndiyo sheria. Majirani hukaa nje kimya wasije wakawaamsha. Mzee Kobe alikuwa na kifua kibaya, lakini miaka thelathini hakukohoa siku ya Ijumaa.

Ijumaa moja mlango ukafunguka, kwiii! Mzee Kiboko akatoka akijinyoosha.

"Tumeota," akasema. "Nyumba ya Bi Pimbi, ile iliyo ubavuni mwa chemchemi, aiachie kamati. Ahame kabla ya Ijumaa ijayo."

Bi Pimbi akajitokeza mbele. Nyumba ile ya jiwe ndimo alimozaliwa, na wanawe wanne hawakujua kulala pengine.

"Shikamoo, Mwenyekiti," akasema. "Naomba kuuliza. Ndoto yenyewe ilikuwaje?"

"Marahaba. Ndoto ya kamati ni ya kamati."

"Hata mwenye nyumba haambiwi?"

"Kadogo, lakini maneno!" akafoka Bwana Nyati. "Ndoto haidanganyi, na haiulizwi!"

Bi Pimbi akarudi kwake, akalia mpaka macho yakavimba. Kisha akakaa kizingitini, ukungu ukimpita taratibu, usingizi ukimjia na kumwacha. Mara akacheka peke yake, kwi kwi kwi!

Ijumaa ikafika. Kamati ilipotoka tu kibandani, wakamkuta Bi Pimbi mlangoni, mzigo kichwani, watoto nyuma.

"Kwaherini, majirani," akasema. "Nahama. Ila na mimi niliota. Nilisinzia kizingitini, nikajikuta ndani ya ndoto ya kamati ya Ijumaa ile, humo humo! Nikajikunja pembeni nikawasikiliza."

"Lo!" akasema jirani yake, Bi Kanga.

"Mzee Kiboko, wewe ulisimama, ukasema: Bi Pimbi abaki kwake, na mlango wa kibanda ung'olewe."

"Uongo mtupu!" akanguruma Mzee Kiboko. "Sikusema hivyo! Nilisema nyumba iwe yangu, nipate kuoga karibu!"

"Yako?" Bwana Nyati akamgeukia. "Si ulisema tutaishi kwa zamu?"

"Ala! Na shemeji yangu je?" Bwana Fisi akaruka juu. "Mliniapia nyie! Mliniapia!"

"Basi pengine nimeota vibaya," akasema Bi Pimbi kwa upole. "Labda nililala mno. Nyie mlilalaje siku ile?"

"Nani alilala?" akapayuka Bwana Fisi. "Humo hajapata kulala mtu hata siku moja! Tulibishana mpaka koo zikatukauka!"

Bwana Fisi akajiziba mdomo, lakini wapi! Maneno yalikwisha toka.

Ndipo Mzee Kobe akainuka, polepole kama kawaida yake. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha akakohoa. Kho! Kho! Kho! Akakohoa Ijumaa zote za miaka thelathini, na wala hakuomba radhi. Alipomaliza akauegemea ule mlango kwa gamba lake, majirani wakamsaidia kusukuma. Kraa! Puu!

Bi Pimbi akatua mzigo. Akageuka awaite wanawe, hawapo. Walikwisha kimbilia kwenye jiwe lao, wamelala fofofo.

Basi wanangu, anayeamua mambo ya watu wote, na aamue wote wakimwona.