Jina Walilompa Mwanakombo

Jina la kichaa halikosi kamba. Methali hii mnaitumia mkitaniana uwanjani, kisha mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa, kwenye mashamba ya mkonge, na walioisababisha tunawaamkia shikamoo mpaka leo.

Mwanakombo alijifungua wakati mumewe yuko kibaruani Tanga. Akawa halali, chakula hakimshuki, mtoto akilia anamtazama kama wa jirani. Mama mkwe wake, Bi Somoe, alipombembeleza aseme, alisema moyo umesononeka na hajui kwa nini. Bi Somoe hakutulia. Alimwachia jirani mtoto, akamdokezea kidogo, akaenda zahanati kumwuliza mkunga.

Kidogo kile kikatembea. Kisimani walisema Mwanakombo hana raha. Dukani, amechanganyikiwa. Kufika kwenye uanikaji wa katani, alikokuwa shemeji yake Mbaruku, kimekuwa kichaa, na atamtupa mtoto.

Bi Somoe aliwaona watu kwake tangu mbali, akakimbia. Mwanakombo amefungwa kwenye nguzo ya jiko kwa kamba ya katani, na mwanamke mmoja anamviringisha mtoto kanga ampeleke Handeni, akalelewe huko moja kwa moja.

"Mbaruku, mke wa kaka yako ana nini?"

"Kichaa, mama. Kila mtu anajua."

"Sikuuliza kila mtu. Kampiga nani? Anasikia sauti tusizozisikia?"

"Hapana. Ila hacheki. Mtoto hamtaki."

"Hiyo ni sonona. Huzuni imekaa hata ikawa ugonjwa, na waliojifungua huwapata. Mkunga kasema hospitali wanaitibu. Na kichaa nacho ni ugonjwa, baba. Hata angekuwa nacho, kamba ingemtibu nini?"

Mbaruku alitazama mikono yake. Akasema yeye alisikia kichaa tu, na kamba alikuwa nayo.

Bi Somoe alimnyang'anya mtoto yule mwanamke wa safari ya Handeni, akambeba mgongoni, akafungua fundo kwa meno. Siku ile ile akampeleka mkwewe hospitali. Kupona kulichukua miezi, lakini mtoto alikua mikononi mwa mama yake.

Hakuna aliyeomba radhi. Watu wa kisimani na dukani walikuja na unga na sukari kumpa pole, wakiapa kwamba wao hawakumfunga mtu, aliyefunga ni Mbaruku. Bi Somoe aliwarudishia vikapu vyao mlangoni.

"Kamba ilikuwa ya Mbaruku," akasema. "Jina mlimpa nyinyi. Na jina la kichaa halikosi kamba."