Bi Faru na Fundi Asiyeitwa

Hapo zamani za kale, na si kale ile ya babu wa babu, la, kale ya juzijuzi tu, wanyama walipokwisha kujua kusema lakini hakuna hata mmoja aliyejifunza kunyamaza, palikuwa na karani wa shule ya Nyasindefu, jina lake Bi Faru.

Mnamjua faru, watoto? Macho yake ni ya mapambo. Mwisho wa kuona kwake ni ncha ya pua, na pua yenyewe imezibwa na pembe! Kwa hiyo Bi Faru alikuwa na desturi moja: chochote kikimtokea mbele anakipiga kikumbo kwanza, GUBU! Halafu ndipo anauliza, "Samahani, kwani ulikuwa nani?"

Milango mitatu ya ofisi ya shule ilikwenda namna hiyo. Na mchumba mmoja.

Sasa, ofisi isiyo na mlango haiwekwi kitu cha thamani. Ndiyo maana kompyuta ya shule, moja tu kijiji kizima, ilikaa nyumbani kwa Bi Faru, mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi.

Ijumaa moja asubuhi Mwalimu Mkuu Nyati akaja anahema.

"Bi Faru! Majina!"

"Yamo humu, Mwalimu. Arobaini na mawili. Nimeyaandika yote kwa kwato zangu hizi."

"Yafike wilayani kabla ya saa kumi jioni. Asiyekuwemo hafanyi mtihani."

"Najua."

"Unajua, lakini mwaka jana…"

"Mwalimu! Nimesema najua."

Alijua mno. Mwaka jana jina moja lilimponyoka, la mtoto Kinyonga. Mtoto yule akarudia darasa mwaka mzima. Na kila asubuhi alipita mbele ya nyumba, pole pole, mguu mmoja leo, mguu mwingine kesho, akasema, "Shikamoo, Bi Faru." Kwa adabu! Laiti angemtukana. Ile shikamoo ilimchoma Bi Faru kuliko mkuki.

"Mwaka huu," alijiapia, "hata jina la kiroboto halitanidondoka."

Mwalimu akaenda zake. Bi Faru akainjika uji, akafunua kompyuta, akaiwasha. Orodha ile pale, imekaa vizuri. Akasema moyoni: ngoja kwanza nitazame ngoma ya wale mbuni wa bondeni, dakika mbili tu, halafu nitume.

Ah, watoto! "Dakika mbili tu" imeunguza vyungu vingi.

Akaingia mtandaoni. Mbuni hawajatikisa hata unyoya, mara, TINGI! Kidirisha chekundu kikaruka katikati ya kioo:

ONYO! KICHEZA-VIDEO CHAKO KIMEZEEKA! SASISHA SASA! ZIMEBAKI DAKIKA TANO MASHINE IFE!

Chini yake saa inahesabu, tiki, tiki, tiki. Na vitufe viwili: NDIYO na BAADAYE.

"Mama yangu wee! Ife na watoto wa watu humo ndani?"

Na desturi ni desturi. Hakusoma mara ya pili. GUBU! Akabonyeza NDIYO kwa kikumbo hata meza ikasogea.

Halafu, pu! pu! pu! pu! Wakaanza kuingia.

Wa kwanza, utepe wa matangazo, akajibandika juu kabisa ya kioo kama kunguru juu ya paa, akakataa kushuka. Wa pili akaanza kuimba: "Ngozi ngumu? Ngozi ya mikunjo? Pakaa Lainisha!" Wa tatu ni gurudumu la bahati, linazunguka na kupiga vigelegele: "Hongera! Wewe ni mgeni wetu wa milioni!" Wa nne akajiita Msafishaji. Akakohoa, akasema, "Nimeona takataka elfu tisa humu ndani. Aibu!"

Bi Faru akaangalia sakafu. Alikuwa amefagia.

"Nyie ni akina nani? Nani kawakaribisha?"

"Wewe," wakajibu wote kwa pamoja. "Si umesema NDIYO?"

Hapo kompyuta ikaanza kukokota. Bi Faru aliandika herufi moja, akaenda kukoroga uji, akarudi, ndipo herufi ikatokea, nayo inatweta. Orodha ya watoto ikafunikwa na gurudumu. Akilisukuma gurudumu, anakuta Lainisha. Akimsukuma Lainisha, anakuta Msafishaji kakunja uso.

TINGI! Kidirisha kile tena. Safari hii Bi Faru akawa mstaarabu. Akabonyeza BAADAYE, taratibu, kwa ncha ya ukwato.

Pu! Akaingia wa tano, mtabiri wa nyota. "Leo," akasema, "utakutana na usumbufu."

"Nimeshakutana nao!" Bi Faru akalia. "Kumbe vitufe viwili, shimo moja!"

Saa nne akampigia simu fundi wa kompyuta, Nguchiro.

"Fundi, uko wapi?"

"Niko njiani, mama! Nimeshafika darajani!"

Nyuma yake kitu kinakaangwa, chaaa!

Saa sita akapiga tena.

"Ndiyo kwanza nakata kona, mama!"

Nyuma yake mtu anauliza, "Nikuongezee supu?"

Saa nane akapiga tena.

"Mama, hebu toka nje. Unaliona lile vumbi kule? Basi ndiye mimi."

Bi Faru akatoka kutazama vumbi. Faru! Kutazama vumbi la mbali! Akasimama uani nusu saa, akalipungia mkono kichuguu.

Alipokata tamaa akaketi, machozi yakateremka mpaka kwenye pembe. Mama Kiboko, jirani yake, aliyekuja kuomba chumvi, akamkuta hivyo. Mwalimu Nyati naye akaja mbio.

"Yamekwenda?"

"Hayajakwenda, Mwalimu."

"Ni saa nane na nusu, Bi Faru! Nitawaambia nini wazazi? Nitamwambia nini yule mtoto Kinyonga?"

Ndipo, TINGI! Kidirisha kikaja kikubwa kuliko vyote, na safari hii kikawa na sauti, tamu kama asali ya nyuki wadogo.

"Mpendwa mteja! Mimi ndimi Fundi Mkuu wa mitandao yote. Mashine yako inaumwa kwa sababu hukusasisha vya kutosha. Bonyeza NDIYO niingie. Natibu bure, sasa hivi! Zimebaki dakika tano!"

Tiki, tiki, tiki.

"Bonyeza!" Mwalimu akapiga kelele.

"Bonyeza, mwenzangu," Mama Kiboko akadakia. "Huyu kaja mwenyewe, wala hana habari ya 'niko njiani'!"

Bi Faru akainamisha kichwa, akarudi hatua moja nyuma, kikumbo tayari. Mabega yamekaza, pembe iko mbele, na… akasimama. Tangu azaliwe, ndiyo mara yake ya kwanza kusimama kabla ya kugonga kitu. Hata yeye mwenyewe alishangaa.

"Mama Kiboko," akasema pole pole, "umesemaje?"

"Nimesema kaja mwenyewe."

"Fundi?"

"Fundi."

"Bila kuitwa?"

Mama Kiboko akafumbua mdomo, na mdomo ule ukifumbuka mnajua ni ukumbi. Akaufumba.

"Fundi wa paa langu," Bi Faru akaanza kuhesabu, "nilimwita kiangazi, akaja masika, tukaezeka huku tunaogelea. Fundi cherehani kaleta gauni la harusi, bibi harusi ana mtoto wa pili. Fundi wa ule mlango wa ofisi…"

"Bado hajaja," akasema Mwalimu Nyati kwa huzuni.

"Sasa niambieni. Nyasindefu hii, nani kawahi kumwona fundi aliyekuja bila kuitwa, tena ana haraka kuliko mwenye nyumba?"

"Toba!" Mama Kiboko akaketi chini, tifu! "Hata aliyeitwa hatujamwona!"

Bi Faru akakisogelea kidirisha mpaka pua ikagusa kioo. Kipanya cha kubonyezea akakiweka mbali.

"Fundi Mkuu, ahsante kwa kuja. Ila leo nina shughuli. Waonaje ukija kesho?"

"KESHO? Hapana! Haiwezekani! Sasa hivi!"

"Mmesikia?" Bi Faru akawanong'oneza wenzake. "Fundi kaambiwa aje kesho, kakataa."

"Huyo si fundi," Mama Kiboko akanong'ona, nywele zake tatu zimemsimama. "Fundi ukimwambia kesho anakuombea dua."

Bi Faru akaendelea, sauti ya upole kabisa. "Basi nisaidie kujua, Fundi Mkuu. Kilichozeeka ni kicheza-video peke yake? Au na Upawa wangu pia? Ninao toleo la tatu."

Kidirisha kikanyamaza. Tiki. Tiki.

"Eee, Upawa!" sauti ikarudi kwa nguvu. "Huo ndio umeoza kabisa, mama! Tangu juzi nauona kwenye mitambo yangu. Upawa wako umejaa virusi!"

"Masikini! Na Kifuniko?"

"Kifuniko ndiyo usiseme! Toleo la kizamani mno! Wenzako wote wameshasasisha Kifuniko!"

Mwalimu Nyati akaangalia mkono wa Bi Faru. Mkononi mna upawa, ule wa kifuu cha nazi, unadondosha uji. Akaangalia mekoni. Kifuniko kimelala juu ya chungu. Cheko likaanzia kwenye kwato zake, likapanda tumboni, likatokea puani, pfuuuu!

"Ewe Fundi Mkuu!" Bi Faru akanguruma. "Upawa ndio huu hapa nakorogea uji! Njoo uutoe virusi, ili nami nikugonge nao utosini!"

Asali yote ikamwagika. Sauti ikawa nyembamba, ya kukwaruza. "Bonyezeni tu, mabonge nyie! Mnaniharibia siku! Kwii! Kwii!"

"Ngoja kwanza!" Mama Kiboko akaruka. "Sauti hiyo naijua! Si Kicheche huyo, wa kule kilimani? Si ndiye aliyeniuzia dawa ya kurefusha shingo?"

"Ilifanya kazi?" akauliza Mwalimu.

"Kwani unaiona shingo?"

Kidirisha kikasema, taratibu, "Si mimi."

"Ndiye!" wakasema wote watatu.

"Kumbe ndiyo maana wenye bidhaa zilizododa wanampandishia magunia ya karanga kila Jumamosi," akasema Mwalimu. "Anawapenyeza majumbani mwa watu kwa jina la fundi!"

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Wakageuka. Mlangoni kasimama Nguchiro, kamfuko begani, mdomo unang'aa mafuta ya supu.

"Si nilisema niko njiani?"

"Karibu, fundi," Bi Faru akasema, na hajawahi kulisema neno hilo kwa furaha namna ile. "Ni saa tisa na robo. Umechelewa saa tano. Wewe ndiye wa kweli!"

Nguchiro akaruka juu ya kiti, akakichungulia kidirisha. "Umegusa kitufe tena, mama?"

"Mara hii sijagusa kitu. Nilitaka kubonyeza ile alama ya msalaba pale pembeni, ya kufungia."

"Afadhali hukuigusa. Aliyechora NDIYO ndiye aliyechora BAADAYE, na huo msalaba kauchora yeye yule. Humo ndani usiguse chochote. Tunafunga kivinjari chenyewe, dirisha zima la mtandao, tena kwa huku nje ya ukurasa wake."

Akafunga. Kwii ya Kicheche ikakatika katikati: "Kw…"

Kisha Nguchiro akafungua orodha ya programu zote, akazipanga kwa siku zilizoingia. "Wa leo asubuhi, pangeni mstari!"

Wakajipanga. Lainisha akaanza kulia kwa wimbo. Gurudumu likaahidi zawadi. Msafishaji akakunja uso: "Una hakika unataka kuniondoa? Utajuta!"

"Nina hakika," akasema Bi Faru. Nje! Nje! Nje! Nje! Mtabiri wa nyota akatoka wa mwisho, naye kwa kweli hakuwa amelitabiri hilo.

Nguchiro akaamsha mlinzi wa mashine, programu ya kuwinda virusi, akague kila kona, akaizima, akaiwasha. Ikaamka nyepesi. Akamwonyesha Bi Faru mahali panapoitwa mipangilio. "Ona mama, mashine yako haikudai kitu. Siku ukitaka kujua kama kuna kipya, njoo hapa kwa miguu yako uulize."

"Saa ngapi?" Mwalimu akauliza, macho kayafumba.

"Saa kumi kasoro dakika sita."

Bi Faru akayasoma majina yote, moja moja, pua juu ya kioo. Mwalimu anatafuna mkia wake mwenyewe. Arobaini… arobaini na moja… arobaini na mawili. Akabonyeza TUMA kwa ncha ya ukwato, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Pyuuuu!

Wakangoja. Tone la uji likaanguka sakafuni, to. Kisha maandishi yakatokea: Yamepokelewa. Majina arobaini na mawili.

Weee! Mwalimu Nyati akacheza mpaka vumbi likatoka darini. Mama Kiboko akapiga vigelegele, mdomo wote, Nguchiro akashikilia meza asipeperuke. Bi Faru akacheka na kulia kwa pamoja, akapakua uji, umeungua chini, wakaunywa hivyohivyo na hakuna aliyelalamika.

Katikati ya kunywa, simu ya Mwalimu ikalia mfukoni, TINGI! SIMU YAKO IMEZEEKA! BONYEZA SASA!

Wote wakamwangalia. Mwalimu akafuta uji mdomoni, akafunga ukurasa wote bila kugusa kitufe, akairudisha simu mfukoni.

"Kama imezeeka," akasema, "nikimaliza uji nitakwenda kuiuliza mwenyewe. Mama Kiboko, hebu nisogezee sukari."

Basi watoto wangu, hadithi imefika, nami koo limekauka, shikeni neno moja: fundi wa kweli unamtafuta wewe, anayekutafuta yeye, tena kwa haraka, mfungie mlango.