Kwa Nini Watoto Husimama Dede

Zamani miguu ya mtoto ilikuwa haijui kungoja. Mwanamke alipojifungua, mkunga alimweka mtoto chini, juu ya udongo uliopaliliwa nyasi, na nyayo zake zilipougusa tu, magoti yalikaza, mgongo ukanyooka, mtoto akasimama. Kabla ya jua kuzama alikuwa anazunguka uani kama mwanambuzi. Watu wa wakati huo hawakuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Walidhani ndivyo dunia ilivyo na ndivyo itakavyobaki.

Lakini miguu ile ilikuwa na kasoro: ilitangulia kila kitu. Mtoto alitembea kabla hajaijua sura ya mama yake, kabla hajajua kwamba moto unaunguza na maji yanazamisha, naye alikifuata chochote kilichopita mbele ya macho yake. Akipita kuku, alimfuata kuku. Kikipita kivuli cha wingu, alikifuata kivuli. Hakuna kijiji kilichokosa watoto wa kuokotwa, na akina mama wengi walikuwa na mtoto aliyekulia kwa watu.

Katika kijiji cha Mhero, kule milimani, aliishi mwanamke aliyeitwa Nakijwa pamoja na mumewe, Sengondo. Mtoto wao wa kwanza, binti waliyempa jina la Namkunda, aliwafuata mbuzi siku ya nne baada ya kuzaliwa. Mbuzi walirudi jioni, yeye hakurudi. Walimtafuta mpaka wakachoka. Misimu mitatu ya mvua ilipita kabla habari hazijaja kwamba kuna binti analelewa ng'ambo ya bonde, ana alama nyeusi chini ya sikio. Nakijwa alikwenda mbio. Akamkuta ni yeye, amenenepa, ametunzwa vizuri, amekaa kizingitini anatafuna muwa. Binti alimwamkia kwa heshima kama wanavyoamkiwa wapita njia, kisha akaingia ndani kumwita yule mwanamke aliyemwita mama.

Nakijwa hakumnyang'anya. Aliwashukuru wenye nyumba, akarudi peke yake. Njiani hakulia. Alilia alipofika nyumbani na kumsikia Sengondo akimpokea kwa kumwita, "Mama Namkunda."

Alipopata mimba ya pili na miezi ikatimia, alimfuata mkunga wa kijiji, bibi mmoja mwenye maneno machache aliyeitwa Nanzia.

"Bibi, huyu usimweke chini," alisema.

"Nisipomweka chini, nimweke wapi?"

"Nipe mimi mikononi."

"Mwanangu, nyayo zikikosa udongo siku ya kwanza, miguu inalegea. Atalegea mpaka lini, siwezi kukuambia. Pengine maisha yake yote."

"Akilegea nitambeba."

"Na mikono ikichoka?"

Siku zilizofuata Nakijwa alichukua ngozi ya mbuzi, akaikwangua, akaipaka mafuta na kuifikicha mpaka ikawa laini. Alimzaa mtoto wa kiume. Mkunga alimpokea na kumkabidhi mama yake bila kumgusisha ardhi, na mama akamfunga mgongoni kwa ile ngozi. Wakamwita Kirumbi.

Yaliyosemwa na mkunga yalitimia, tena kwa kuzidi. Si miguu tu iliyolegea, hata shingo. Kichwa cha Kirumbi kilianguka huku na huku, ikabidi kishikwe kwa kiganja. Majirani walikuja kumtazama, wakaondoka wakinong'ona. Mwanamke wa jirani, Mbazi, alikuwa amejifungua wiki ileile, na mtoto wake alikuwa anazunguka kijiji kizima.

"Umemfanya nini mwanangu?" Sengondo aliuliza siku moja kwa sauti ya chini. "Angalau yule wa kwanza alitembea."

"Yule wa kwanza alitembea akatuacha, Baba Namkunda."

Sengondo akachukua jembe akatoka, na kutoka kwake kulimuuma Nakijwa kuliko manung'uniko ya kijiji kizima. Alipokuwa peke yake shambani, mtoto akimpumulia mgongoni, alijiuliza kama kweli hakumharibu kwa woga wake.

Ndipo mambo yakaanza kutokea, madogo madogo, ambayo mtu asiyekuwa karibu asingeyaona. Shingo ilikaza. Kirumbi akawa anachungulia juu ya bega la mama yake, akitazama anachokitazama yeye. Siku nyingine alilazwa chali kwenye mkeka, akajipindua, akabaki kifudifudi ameshangaa, kana kwamba ni mkeka uliomgeuza. Mwezi mwingine akakaa mwenyewe, akaanguka kiubavu, akakaa tena. Kisha akaanza kusota kwa makalio, na baadaye akashika ardhi kwa viganja na magoti na kutambaa. Mtoto wa binadamu alikuwa hajawahi kutambaa. Watoto wakubwa walikuja kumcheka, wakabaki kutambaa pamoja naye.

Siku moja Nakijwa alikuwa anachambua maharage, Kirumbi akatambaa hadi kwenye ungo. Akanyoosha mkono, hakuchota kwa kiganja, akaleta kidole gumba na cha shahada pamoja, akaokota haragwe moja tu. Nakijwa akashusha ungo. Watu wa wakati huo walichota vitu kwa kiganja kizima, kwa maana mikono yao haikuwahi kukaa chini ikajifunza; ndiyo maana vikapu vyao vilivuja na nguo zao hazikuwa na mshono. Alimwomba mwanawe amwonyeshe tena. Kirumbi akalitia haragwe puani. Ikawa kazi ya kulitoa.

Lakini kijiji hakikusadiki kwa sababu ya haragwe. Kilisadiki siku ya bwawa.

Juu ya Mhero kulikuwa na bwawa la kukusanyia maji ya mashamba, na ukingo wake ulikuwa umekatwa wima. Wanawake walikuwa wakifua pale. Mtoto wa Mbazi alimwona kerengende akipaa juu ya maji, akamfuata kwa mwendo uleule wa siku zote, macho juu, mpaka ardhi ikaisha. Akatumbukia. Mbazi alipiga yowe, akajitupa ndani, akamvuta kwa mguu, na mtoto akatapika maji akapona.

Katika ghasia ile hakuna aliyemkumbuka Kirumbi. Alikuwa ameteremshwa mgongoni, naye alikuwa amemwona kerengende yuleyule. Nakijwa alipogeuka, mwanawe alikuwa ameshafika ukingoni akitambaa. Mama akakimbia, lakini alikuwa mbali mno kumwahi. Kirumbi alinyoosha mkono mbele, akapapasa, akakuta patupu. Akapapasa tena. Akarudisha mkono, akaketi, akageuza kichwa na kutafuta, katika nyuso zote zile, uso mmoja. Alipomwona mama yake akacheka, akatambaa kurudi.

Mbazi, nguo zikimchuruzika maji, alikuwa ameona yote. "Mama Namkunda," alisema, "mimba nyingine nikiipata, utanionyesha ile ngozi unavyoifunga."

Sengondo alisimuliwa na watu watatu kabla hajafika nyumbani. Jioni ile alimchukua mtoto mwenyewe, akamweka miguuni pake. Kirumbi alishika goti la baba yake, akajivuta, akanyanyuka. Halafu akaachia. Akasimama hivyo, hana pa kushika, magoti yakitetemeka, tumbo mbele, mikono hewani. Sengondo alitaka kumwita mkewe, ulimi ukamkatalia.

"De—de—de—," alisema. "Dede!"

Kirumbi akaanguka kitako. Sengondo akacheka mpaka machozi, na Nakijwa, akitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, hakujua kama kuna msiba au harusi.

Kirumbi aliendelea kuanguka kwa wiki nyingi. Kila akianguka alimtazama mama yake, akiona anatabasamu, alijaribu tena. Hatimaye, asubuhi moja, aliachia ukuta akasimama dede, Nakijwa akachuchumaa hatua nne kutoka kwake, akanyoosha mikono. Wale watoto wa zamani hatua yao ya kwanza ilielekea popote. Kirumbi alitazama mlango uliokuwa wazi, akatazama kuku aliyekuwa akipita, kisha akamtazama mama yake. Akaenda tata, akiyumba kama mlevi, moja, mbili, tatu, na ya nne hakuihesabu mtu kwa kuwa alishaangukia kifuani.

Na tangu siku hiyo mtoto akizaliwa hupokewa kwa mikono, hawekwi chini. Hubebwa mgongoni kwa mbeleko, hukaza shingo kwanza, akageuka, akakaa, akatambaa, na hakuna mama anayemharakisha. Anaposimama kwa mara ya kwanza, wote waliopo huacha kazi zao na kupiga makofi wakisema, "Dede! Dede!" Na ukiona mtoto anaachia ukuta kwa mara ya kwanza, usihangaike kuuliza anakwenda wapi. Tazama mbele yake, utamwona mtu aliyechuchumaa.