Fisi Apata Lango, Akosa Mwenyeji

Bi Sungura alikuwa katikati ya kumenya mizizi ya chakula cha jioni, chungu kikavu kando yake, pale jirani yake Kanga alipoingia mbio bila hata hodi.

"Shoga, kisima kimezungushiwa miiba! Lango ni moja tu, na mlinzi ni Fisi. Kamwambia Simba mtu mkubwa hanywi maji pamoja na makabwela."

"Na sisi wengine?"

"Huingii mpaka mwenyeji wa ndani aje kukupokea. Kama huna, unamwachia Fisi mtoto mmoja, eti dhamana. Nikamwachia yule mdogo. Nilipotoka na maji, kaniambia mtoto kaenda kucheza."

Bi Sungura aliwatazama vifaranga mlangoni. Asubuhi walikuwa wanane, sasa saba. Huu ulikuwa mwaka wa pili bila mvua, na wanawe sita walikuwa wamejilaza tu kwa kiu. Akachukua kibuyu, akawafungia ndani, akaenda peke yake.

Langoni Fisi alimpokea kwa tabasamu pana. "Karibu, mama. Mwenyeji wako nani?"

"Sina."

"Basi kalete mtoto mmoja. Si mimi, ni kanuni. Mambo ya usalama."

"Ningemleta, shemeji, ila wangu wamebaki mifupa. Si kama yule nyati aliyekufa kule bondeni. Nimempita sasa hivi, kavimba, na hana mwenyewe."

Mate yakamtoka Fisi. Akamwita Kobe, msaidizi wake. "Shika lango. Asiye na mwenyeji haingii, hata akilia!" Akatimua mbio.

Bi Sungura akaketi kusubiri. Kusubiri alikuwa amekuzoea.

Fisi alirudi jua limeinama, tumbo limejaa ndi, koo limemkauka.

"Mwenyeji wako nani?" Kobe akauliza.

"Una wazimu? Hunijui?"

"Nakujua, bosi. Mwenyeji wako nani?"

Fisi akapiga kelele kumwita Simba. Simba akaja taratibu, wakeze nyuma yake. Akaona damu iliyoganda mdomoni mwa Fisi, akasikia harufu ya mzoga, akageuza pua. "Mimi nina mgeni kama huyu? Mfukuzeni."

Bi Sungura akainuka. "Afadhali, mzee. Ila huko nje wanasema siku hizi Simba hatembelewi. Nimekaa hapa kutwa, sijaona aliyekuulizia."

"Nani kasema?" Simba akanguruma, akiwatupia jicho wakeze. "Kobe! Kila anayekuja na kibuyu ni mgeni wangu!"

"Sawa, mzee," Kobe akasema, akasogea, polepole.

Ua ule wa miiba upo mpaka leo, na Simba hujisifu kwa wingi wa wageni. Fisi huuzunguka kwa nje, akimbembeleza kila apitaye amwitie mwenyeji. Kanuni aliyowatungia wenzake haimzuii tena yeyote ila yeye.

Jioni ile Bi Sungura alipakua mizizi, akamwita Kanga na wanawe waje kula. Kabla mtu hajatia mkono, akahesabu wake: sita, wote wapo. Kanga naye akahesabu. Saba. Akahesabu tena.

Bi Sungura akamsogezea sahani. "Kula, shoga. Hawa wanakungoja."